Bwana Kitanda na Kiatu Kimoja

Jumamosi, 2 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imeanguka leo mchana nikiwa nimelala. Niliisikia kwanza ndotoni. Bwana Kitanda alikuwa anavuka barabara, kitanda kichwani, na matone yalikuwa yanaligonga godoro lake polepole, tena kwa adabu. Nilipofumbua macho bati lote lilikuwa linanguruma. Nikachora kabla ya kunawa uso, kama desturi yangu. Shangazi naye akavunja mwiko, kama desturi yake.

"Umeamka? Nguo umeanua?"

Mwiko wenyewe ni huu: nikiamka usingizi wa mchana, mtu asinisemeshe mpaka niwe nimechora nilichokiona huko. Neno moja tu la duniani na ndoto yote inamwagika. Shangazi amenilea tangu baba afariki, na anajua miiko yangu yote. Hajawahi kuuheshimu hata mmoja.

Naandika shajara hii kwa sababu Mhariri wa gazeti ninalolichorea ameniagiza. Masika yakiisha watanitolea kitabu, cha kwanza maishani mwangu, na anataka kurasa chache za mbele zieleze Bwana Kitanda ametoka wapi. "Andika andika tu kila siku, msanii. Tutachuja." Haya, naandika.

Bwana Kitanda ni mtu ninayemchora kwenye ukurasa wa mwisho wa gazeti la Jumamosi, tangu mwaka alioolewa mdogo wangu. Anatembea mjini na kitanda chake kichwani. Kila anapokitua, sakafu haiko sawa na kitanda kinayumba, kwa hiyo anavua kiatu cha kushoto na kukiweka chini ya mguu mmoja wa kitanda. Akiondoka, kiatu kinabaki kimefungwa kwenye mguu ule ule, tayari kwa sakafu nyingine mbovu. Ndiyo maana siku zote yuko na kiatu kimoja, cha kulia. Anatafuta sakafu iliyo sawa ili siku moja avae viatu vyote viwili. Hakuna kingine kinachotokea, na watu wanampenda kuliko wanavyonipenda mimi.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Karatasi zimevuta unyevu, ukigusa na kalamu wino unatambaa wenyewe unakotaka. Nimezipiga pasi kabla ya kuchora.

"Nyumba hii karatasi zinapigwa pasi, gauni langu hapana," akasema shangazi.

Jumamosi, 9 Machi

Gazeti limetoka. Shangazi amecheka mdomo umefungwa, mabega tu yakitikisika. Hiyo kwake ndiyo alama ya juu kabisa.

Jumatatu, 11 Machi

Shemeji, mume wa mdogo wangu, amerudi safari. Anaendesha lori mpaka nchi jirani, na kila akirudi anamletea shangazi kitu. Safari hii ni glasi za chai, kila moja imeviringishwa kwenye gazeti la kule.

Tulikuwa tunafungua, tunapanga mezani. Shangazi anasifia, shemeji anajisifia. Nikafungua ya tatu au ya nne, nikanyoosha karatasi niifanye kitambaa cha meza, na Bwana Kitanda akanitazama.

Sikushtuka kwanza. Nilidhani ni mimi. Nilidhani nimechora hii halafu nikasahau, maana ndivyo ilivyo katika ndoto, unakuta nyumba yako kwenye mtaa usioujua na unaingia bila kubisha. Kisha nikaona mikunjo ya shati. Mimi sichori mikunjo vile. Na chini kulikuwa na sahihi ya mtu mwingine.

Mwanamume, kitanda kichwani, kiatu kimoja. Kama shilingi kwa ya pili.

Shangazi akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwizi," akasema.

"Shangazi, taratibu. Duniani wawili wawili," akasema shemeji.

"Wawili wawili ni watu! Wamefanana sura, sawa. Lakini kitanda kichwani, na kiatu kimoja? Huyo kaingia humu ndani akachungulia."

Nikaangalia tena. Tofauti niliiona moja tu. Wa kwangu amevaa kiatu cha kulia, wake amevaa cha kushoto.

"Ndivyo wezi wanavyofanya," akasema shangazi. "Wanaiba, halafu wanageuza."

Nimeificha karatasi ile chini ya godoro langu.

Jumanne, 12 Machi

Nimejilaza mchana juu ya godoro nikijua kilicho chini yake. Usingizi haukuja.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Sikulala. Nimechora kwa kumbukumbu, na imeonekana. Shangazi hakucheka, amesema "nzuri" kama mtu anayemsifu mgonjwa kwa kunywa uji.

Jumatatu, 18 Machi

Mhariri amepiga simu. Msomaji mmoja amesafiri, ameliona gazeti la kule, amempelekea.

"Msanii, niambie ukweli kama unavyomwambia mamako. Nani kaanza?"

Nikamwambia sijui. Kweli sijui. Yeye mwenyewe ameshauliza kule. Yule mchoraji alianza masika yale yale niliyoanza mimi, na hakuna anayeweza kusema nani alimtangulia mwenzake.

"Basi nisikilize. Wachapaji wameogopa. Kitabu kisije kikatoka leo, kesho tukaitwa wezi nchi mbili. Mbadilishe. Mvue kitanda. Ukifika mwisho wa masika ana kitu kingine kichwani, kitabu kinatoka."

"Bwana Kitanda bila kitanda?"

"Mwite jina lingine."

Nikakaa kwenye kiti cha kuchorea mpaka chai ikapoa. Kitabu nimekisubiri tangu sijaota mvi. Na mtu wa kuachana naye ndiye pekee ninayekutana naye kila siku nikifumba macho. Nimelia kidogo, nikisingizia vitunguu. Shangazi akasema hatujanunua vitunguu wiki nzima.

Alhamisi, 21 Machi

Nimelala, hatimaye. Nimeota Mabwana Kitanda wawili wamekutana kwenye daraja jembamba. Vitanda vimekaa kwa upana, hakuna anayeweza kupita. Kila mmoja anasema, "Pita wewe." "Hapana, pita wewe." Chini maji yanapanda taratibu, ya rangi ya chai ya maziwa. Hakuna aliyekuwa na hasira.

Nilipoamka wazo baya lilikuwa limeshakaa kitandani linanisubiri. Itakuwaje kama mwizi ni mimi? Huenda niliwahi kuuona mchoro wake mahali, kwenye gazeti lililofungiwa sukari, nikausahau, kisha nikauota nikadhani ni wangu. Nimejitetea siku nzima mbele ya hakimu asiyekuwepo.

Jumatano, 27 Machi

Paa limevuja juu ya meza yangu. Fundi amekuja na ngazi, akaiegemeza ukutani, akapanda, akashuka, akasema tatizo si kubwa, kisha akalielezea mpaka likawa kubwa. Alipoondoka aliiacha ngazi hapa akisema atairudia.

Nikaitazama ngazi ile mpaka ikawa na sura.

Nimeamua. Mafuriko yatachukua kitanda, na Bwana Kitanda atabaki na ngazi. Atatembea nayo begani akiegemeza huku na huku. Mbali kabisa na kitanda. Yule wa kule hawezi kunikuta huko.

Jumamosi, 6 Aprili

Imetoka. Maji yamekibeba kitanda, kimeelea kikikata kona, na kiatu cha kushoto bado kimefungwa mguuni. Bwana Kitanda amesimama na ngazi.

Shangazi ameitazama kwa muda mrefu. "Atalala wapi sasa?" akauliza. Mhariri amenitumia ujumbe: safi sana.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimechoka kushangaa lakini hebu niandike.

Shemeji amepita jioni na gazeti la kule la Jumamosi ile ile. Aliliweka mezani na kurudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyewasha kiberiti karibu na petroli.

Kule, wezi wamemwibia yule bwana kitanda chake akiwa dukani. Amebaki na ngazi.

Ngazi!

Shangazi alicheka mdomo wazi. Sijawahi kumwona hivyo, meno yake yote ya nyuma niliyafahamu leo. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, huyo si mwizi. Mwizi gani anaiba kitu ambacho hakijatoka?"

Hasira yangu yote juu ya yule mtu ikakosa pa kukaa. Kumbe na yeye ameambiwa abadilishe. Kumbe na yeye aliamka siku moja akasema, ngoja niende ambako yule mwanamke hawezi kunikuta. Tulikuwa tunakimbiana. Ukimkimbia mtu usiyemjua, utajuaje kama hamkimbilii upande mmoja? Na ngazi, sasa naona, haikuwa na ajabu yoyote. Ni masika. Mapaa yote yanavuja, huku na kule.

Mhariri naye ameiona. Amepiga akifoka kwamba tumepanga kumchezea shere.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua tangu asubuhi.

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua. Ngazi haichoreki. Nimeichora ikiwa imelala, inafanana na reli.

Jumapili, 14 Aprili

Maji yameingia ndani. Si mengi, ya kuloanisha nyayo, lakini yalikimbilia chumbani kwa shangazi kwa sababu sakafu ya humo imeinama upande mmoja tangu nyumba ijengwe. Nikaingia na ndoo na matambara. Nikapiga magoti kukausha chini ya kitanda chake. Nikanyoosha mkono.

Kiatu.

Nimefagia chini ya kitanda hiki maisha yangu yote. Nimekizunguka kiatu hicho kwa fagio tangu fagio likiwa refu kuliko mimi. Ni kiatu cha baba, cha ngozi, cha kushoto, kimeshikilia mguu wa kitanda kwenye kona inayozama. Alikiweka siku aliyohamia nyumba hii, kwa muda tu. Akawa anavaa kandambili. Tulipomcheka alisema, "Mguu wa kitanda hauna kosa, kosa ni la sakafu. Siku nikipata sakafu iliyo sawa nitavaa viatu vyangu." Tukalifanya neno hilo utani wa nyumbani. Mtu akipika chakula kikaungua, mguu wa kitanda hauna kosa. Kisha baba akafa, na utani nao ukaacha kusemwa.

Na mimi nimeketi miaka yote hii nikiwaambia watu kwamba Bwana Kitanda nimeletewa na ndoto.

Nilikaa chini kwenye maji yale. Gauni likaloa. Shangazi akaja mlangoni.

"Umeumia?"

"Shangazi, Bwana Kitanda ni baba."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yana unyevu. "Kwani ulikuwa hujui?"

Ningeweza kumtupia tambara. Nikamwambia kiatu kimeloa kitaoza, niweke tofali badala yake. Akakataa. Akaja akakaa kitandani, juu yake, kwa uzito wake wote.

"Kiache. Kaka yangu ndiye anayenishikilia nisidondoke. Nitalalaje juu ya tofali?"

Tukakaa hivyo, yeye juu, mimi chini, mpaka mvua ikapungua. Nilimkumbuka baba kwa namna ambayo sijamkumbuka tangu nikiwa mtoto, hasa miguu yake.

Jumanne, 16 Aprili

Nimempigia simu. Namba nimepewa na gazeti lake. Nilijiandaa maneno makali, kisha maneno mazuri, mwishowe nikasema tu, "Mimi ni yule wa kitanda."

Akakohoa. "Dada. Nilikuwa nadhani ni wewe unayenifuata."

"Na mimi nilidhani ni wewe, kaka."

Tukacheka. Mvua ilikuwa inapiga bati, na sikuweza kujua kama ni bati langu au lake. Sauti yake ni ya polepole, ya mtu mzima. Zamani alikuwa anachora mabango ya vinyozi, vichwa vya watu walionyolewa, na anasema ndiyo maana anajua mikunjo ya shati, kwa sababu vichwa peke yake vilimchosha.

"Ngazi umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Paa langu linavuja. Wewe?"

"Paa langu linavuja."

"Basi," akasema. Kisha akauliza yeye. "Na kile kiatu, dada?"

Nikamweleza. Baba, sakafu, kandambili. Sikulia, ingawa nilikaribia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwetu kilikuwa cha mama," akasema. "Tulilala watoto wote kitanda kimoja. Mguu wake mmoja ulivunjika, mama akaweka kiatu chake. Sidhani kama kuna mtaa usiokuwa na kitanda cha namna hiyo."

Nilijisikia mjinga, tena mjinga mwenye furaha. Tuliogopa kwamba mmoja wetu amechukua cha mwenzake, na kitu chenyewe kiko chini ya vitanda vya watu wote.

"Lakini wako anatafuta nini?" nikamuuliza. Sijawahi kuona zaidi ya kurasa mbili zake.

"Usingizi," akasema. "Popote anapokitua analala macho wazi mpaka anaamua kuondoka. Tangu mke wangu afariki ndivyo nilivyo. Namchora asubuhi, kwa sababu ndipo ninapochoka kungoja. Wako anatafuta nini?"

"Sakafu iliyo sawa."

"Loo," akasema taratibu. "Basi hawafanani kabisa."

Kabla ya kukata tulikubaliana jambo moja. Kila mtu atamrudishia mtu wake kitanda. Hatukuambizana namna.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemwambia Mhariri kitanda kinarudi.

"Basi kitabu hakuna," akasema. Hakufoka safari hii, na ningependelea afoke. "Nimekupigania, msanii."

"Najua. Asante."

Nimeosha vyombo vyote vya nyumba hii, hata visafi. Imeniuma. Sitasema haijaniuma.

Jumanne, 23 Aprili

Nimelala mchana. Nimeamka nikiwa na ndoto yote, nzima nzima, kama yai mkononi. Shangazi akasema kupitia dirishani kwamba mwenye maziwa amepita. Haikumwagika.

Ukurasa wenyewe: maji yameshuka. Bwana Kitanda anakikuta kitanda chake kando ya mto. Kuna mtu juu yake, hamjui, amelala chali macho wazi. Kitanda kinayumba, maana kiatu cha kushoto kimekwenda na maji. Bwana Kitanda anamtazama yule mtu. Anavua kiatu chake cha kulia, kilichobaki, anakisukuma chini ya mguu wa kitanda. Kisha anaondoka miguu mitupu, kwa vidole, asimwamshe mtu ambaye bado hajalala.

Jumamosi, 27 Aprili

Imetoka. Shangazi hakucheka. Aliikunja akaiweka chini ya mto wake.

Jumatatu, 29 Aprili

Shemeji alipiga honi tangu kona ya mtaa. Akaingia na viatu vyenye matope mpaka sebuleni, na shangazi hakumgombeza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Gazeti la kule, la Jumamosi ile ile. Ukurasa mzima ni kitanda kimoja. Kisanduku baada ya kisanduku, yule bwana amelala chali macho wazi, na kitanda kimeinama, mara kushoto, mara kulia. Hakuna neno. Katika kisanduku cha mwisho kitanda kimesimama sawasawa. Pembeni kabisa unaonekana unyayo mmoja mtupu wa mtu anayetoka kwenye picha. Na yule bwana amefumba macho.

Nilimpigia kuuliza. Simu iliita mpaka ikakatika, haikupokelewa. Mchana kweupe, labda na yeye amelala.

Shemeji ndiye aliyekiona. "Shemeji, angalia hapa chini."

Chini ya mguu wa kitanda kulikuwa na kiatu. Mtu wake siku zote amevaa cha kushoto, na hapo kitandani alikuwa nacho bado mguuni. Hiki cha chini kilikuwa cha kulia, na katika visanduku vya mwanzo hakikuwepo: ni kile cha Bwana Kitanda wangu.

Shangazi aliutoa ukurasa wangu chini ya mto, akauweka mezani kando ya ule. Akazisogeza mpaka kingo zikagusana. Akaweka kidole kwenye kiatu cha huku, kisha kwenye kiatu cha kule.

"Na yeye amepata wa kumshikilia," akasema, akaenda chumbani kwake akafunga mlango.

Jumamosi, 4 Mei

Jua. Nimetoa karatasi zote nje zikauke, pasi nimeiachia gauni la shangazi.

Mchana nikajilaza. Nikiwa nusu huku nusu kule nikasikia simu inaita sebuleni, kisha sauti ya shangazi.

"Nani? Mhariri? ... Kitabu? ... Hata kama ni kitabu. Amelala. Na akiamka pia asisemeshwe mpaka achore. Piga jioni."